Nyungunyungu Hakuwahi Kuishi Tumboni

Ukipeleka choo hospitali, mtaalamu wa maabara akakuta mayai ya yule mnyoo mrefu wa tumboni, mweupe anayeelekea wekundu, jina kamili la kisayansi la mnyoo huyo ni Ascaris lumbricoides. Neno la pili katika jina hilo lina maana ya "anayefanana na lumbricus", na lumbricus ni nyungunyungu. Yaani kiumbe anayeishi ndani ya matumbo ya watu ametambulishwa kwa kiumbe mwingine kabisa, ambaye maisha yake yote ni udongo na majani makavu. Jina lilitolewa mwaka 1758. Wanazoolojia wamekubaliana kwamba majina rasmi ya wanyama yahesabiwe kuanzia mwaka huohuo, kwa hiyo halifutiki kirahisi. Wanafunzi wa udaktari wanalikariri hadi leo.

Nyuma ya jina hilo kuna historia ndefu ya watu kushindwa, au tuseme kukataa, kutofautisha viumbe vyembamba visivyo na miguu. Ni historia ya sayansi, lakini kwa maoni yangu ni zaidi historia ya neno moja.

Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa wyrm, na lilibeba kila kitu: nyoka, joka, funza wa kwenye nyama, mnyoo wa tumboni na nyungunyungu. Joka linalomuua Beowulf, shujaa wa utenzi mkongwe wa Kiingereza, linaitwa kwa neno hilohilo. Karne nyingi baadaye Shakespeare, katika tamthilia yake ya Antony na Cleopatra, anamleta mtu wa shamba na kikapu cha tini chenye nyoka ndani, na nyoka yule anaitwa "worm". Malkia wa Misri anakufa kwa kuumwa na kitu ambacho Mwingereza wa leo angekitundika kwenye ndoana. Wagiriki nao walikuwa na lao. Aristotle aliandika kwamba mikunga hawazaliwi kwa mayai, wanatoka kwenye kile kilichoitwa "matumbo ya ardhi", vitu vinavyojiotea vyenyewe kwenye tope. Wengi wanaosoma habari hiyo wanaamini alikuwa anazungumzia nyungunyungu. Ona basi: mmoja anaishi tumboni, mwingine ni tumbo lenyewe.

Watu wawili walitoboa ukweli mapema, na wote wawili walitumia kisu. Wa kwanza ni Francesco Redi, tabibu wa familia ya Medici pale Florence. Mwaka 1668 alichapisha majaribio yake maarufu ya nyama. Aliweka nyama kwenye vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika, halafu akasubiri inzi. Funza walitokea kule tu ambako inzi waliweza kutaga. Kwa hiyo funza si mnyoo aliyezaliwa na uozo, ni mtoto wa inzi aliye njiani kuwa inzi. Hilo peke yake liliondoa kundi zima kwenye orodha: funza, viwavi, mabuu ya kila aina. Hawa ni wadudu ambao hawajakua.

Wa pili ni Edward Tyson, daktari wa London. Mwaka 1683 alichapisha uchunguzi wake wa mnyoo mviringo wa tumboni na ule wa tegu. Wakati huo wote waliitwa lumbricus: tegu alikuwa "lumbricus bapa", yule mwingine "lumbricus mviringo". Tyson alipompasua huyu mviringo akakuta jambo ambalo lingetosha kumaliza mjadala. Kuna dume na kuna jike, kila mmoja na mwili wake. Nyungunyungu hana mpango huo. Kila nyungunyungu ana viungo vya kiume na vya kike kwa pamoja, na wakikutana wawili kila mmoja humpa mwenzake mbegu. Redi naye akapasua, akachapisha mwaka 1684, na akaona vilevile kwamba ndani hawafanani hata kidogo.

Ungedhani basi, kesi imefungwa. Haikufungwa.

Miaka 75 baada ya Tyson, Msweden Carl Linnaeus alitoa toleo la 10 la kitabu chake cha kupanga viumbe vyote vya dunia. Wanyama aliwagawa madaraja 6: wanyonyeshao, ndege, amfibia, samaki, wadudu, na daraja la mwisho, Vermes, yaani minyoo. Hilo la mwisho lilikuwa jaa. Kila kilichobaki mezani baada ya kupanga vile vyenye heshima kilitupwa humo: konokono, pweza, yavuyavu, kiti cha pweza, matumbawe. Ndani ya jaa hilo kuna fungu aliloliita Intestina, na humo ndimo alimoweka nyungunyungu, bega kwa bega na mnyoo wa tumboni, ruba, mnyoo wa ini la kondoo, na hata aina ya samaki wa kale asiye na taya anayefanana na mkunga.

Humo pia alimweka Teredo, yule mharibifu anayetoboa mbao za vyombo baharini. Mabaharia wa mwambao wetu hawakuhitaji kitabu cha Kilatini kumjua huyu. Ndiyo maana jahazi hupandishwa pwani, likasuguliwa na kupakwa deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa, kabla ya kurudi majini. Ni mrefu, ni mlaini, anachimba mashimo, hivyo akaitwa mnyoo. Ukimtazama vizuri utakuta magamba mawili madogo kichwani ambayo ndiyo anayokwangulia mbao. Ni ndugu wa chaza.

Lakini mkazi wa ajabu kuliko wote katika fungu hilo anaitwa Furia infernalis, jina lenye maana ya ghadhabu ya kuzimu. Mwaka 1728, Linnaeus akiwa mwanafunzi huko Lund, alikuwa porini akikusanya mimea, kitu kikamchoma. Mkono ukavimba, hali ikawa mbaya hadi ikadhaniwa atakufa. Alipona, na akaamini kwamba alichomwa na mnyoo mdogo anayeanguka kutoka hewani. Miaka 30 baadaye akamwandikisha kwenye kitabu pamoja na wengine. Furia infernalis hayupo. Hajawahi kuwepo. Mtu aliyeipa dunia utaratibu wa majina tunaoutumia hadi leo aliandikisha mnyama wa kufikirika, na akamweka fungu moja na nyungunyungu aliyekuwa chini ya miguu yake kila siku.

Mimi sioni kama tatizo lilikuwa ujinga. Kazi za Redi na Tyson zilikuwa zimechapishwa na zinasomeka. Naona dharau. Mtu akishaita kitu "mnyoo" anaona kazi imeisha, hana haja ya kukifungua.

Aliyelifungua jaa ni Jean-Baptiste Lamarck, na alipewa kazi hiyo kama vile mtu anavyopewa zamu ya usiku. Mwaka 1793, katika msukosuko wa mapinduzi ya Ufaransa, bustani ya mfalme jijini Paris iligeuzwa kuwa makumbusho ya historia asilia, na wataalamu wakagawana madaraka. Lamarck alikuwa mtu wa mimea, umri unakaribia miaka 50. Akaangukiwa na wadudu na minyoo. Badala ya kununa akaanza kupanga. Ndiye aliyeanzisha kuwaita wanyama hawa "wasio na uti wa mgongo". Mwenzake Cuvier alikuwa ameona kwamba kuna kundi la minyoo lenye damu nyekundu, na mwaka 1802 Lamarck akalipa kundi hilo jina lake: anelida, kutokana na neno la Kilatini la pete ndogo. Nyungunyungu alitoka tumboni rasmi. Lamarck mwenyewe alifariki mwaka 1829 akiwa kipofu na maskini, akazikwa kwenye kaburi la muda, na mifupa yake haijulikani ilipo. Wengi wanamkumbuka kwa habari ya shingo ya twiga tu.

Hizo pete ndizo ufunguo. Mwangalie nyungunyungu kwa karibu utaona mwili umegawanyika pingili kama muwa. Hayo si mapambo. Ndani, kila pingili imetengwa na jirani yake kwa ukuta mwembamba, na ina maji yake, misuli yake na viungo vyake vya kutolea uchafu. Ana misuli inayozunguka mwili na mingine inayokwenda kwa urefu, kwa hiyo anaweza kujibana sehemu moja akawa mwembamba na mrefu, na sehemu nyingine akajinenepesha. Akijinenepesha anatoa vinywele vidogo vigumu vinavyoshika udongo, kisha anavuta mwili uliobaki. Ndivyo anavyopenya ardhini. Ana mishipa ya damu iliyofungwa kama yetu, na karibu na koo kuna jozi 5 za mishipa minene inayodunda kama moyo. Anapumua kwa ngozi, ndiyo maana ikikauka anakufa.

Mnyoo wa tumboni hana hata kimoja katika hivi. Hana pingili, hana damu, hana mshipa. Misuli yake inakwenda kwa urefu tu, hivyo hawezi kujirefusha wala kujifupisha kama nyungunyungu. Anachoweza ni kujipinda huku na huku. Amevaa ngozi ngumu isiyonyumbuka, na ili akue lazima aivue, mara 4 hadi kukomaa. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, hesabu inayoeleweka ukikumbuka kwamba kila yai linategemea bahati ya kumezwa na mtu. Tegu naye ni habari nyingine. Hana mdomo, hana utumbo. Amelala ndani ya chakula kilichokwisha kusagwa na anakifyonza kwa mwili mzima. Mkiwapanga watatu hawa mezani, kinachowaunganisha ni kwamba wote ni warefu na hawana miguu, basi.

Na ruba? Ruba, ambaye tungependa awe na wabaya, ni ndugu wa damu wa nyungunyungu. Pingili anazo.

Mwaka 1809 ambao Lamarck alichapisha kitabu chake kikubwa cha falsafa ya wanyama, Charles Darwin alizaliwa Uingereza. Huyu ndiye aliyemaliza kazi, kwa maana nyingine. Kumtoa nyungunyungu tumboni lilikuwa jambo moja, kuonyesha anafanya nini huko aliko lilikuwa jingine. Kabla ya Darwin wakulima walimwona nyungunyungu kama mharibifu wa mizizi. Kasisi mmoja wa kijijini, Gilbert White, aliwahi kumtetea kwenye barua ya mwaka 1777, akisema dunia bila nyungunyungu ingekosa kitu kikubwa, lakini hakuwa na vipimo.

Darwin alikuwa navyo, na alikuwa na subira ya kutisha. Mwaka 1837, akiwa ametoka safari yake ya meli ya kuzunguka dunia, alimtembelea mjomba wake Josiah Wedgwood, ambaye alimwonyesha shamba lililokuwa limemwagiwa chokaa na majivu miaka iliyopita. Chokaa ilikuwa imezama chini ya udongo. Mjomba akasema ni kazi ya nyungunyungu. Darwin akaisoma hoja hiyo mbele ya chama cha wanajiolojia mwaka huohuo, kisha akaenda kuijaribu mwenyewe. Desemba 1842 alimwaga chaki kwenye shamba karibu na nyumba yake huko Kent. Akasubiri. Alipochimba mtaro mwaka 1871, miaka 29 baadaye, mstari mweupe wa chaki ulikuwa karibu sentimita 18 chini ya majani. Hakuna mtu aliyekuwa ameuzika.

Kitabu kilitoka Oktoba 1881, Darwin akiwa na miaka 72, na kilinunuliwa kama mkate wa asubuhi. Kukisoma leo ni raha, maana ni kitabu cha mzee anayecheza huku akipima. Aliwaweka nyungunyungu kwenye vyungu ndani ya nyumba. Mtoto wake akawapigia zumari kubwa la besi, hawakujali. Kinanda kikapigwa karibu nao, hawakujali. Vyungu vikawekwa juu ya kinanda chenyewe, noti moja ikapigwa, wakajificha mashimoni papo hapo: hawasikii, lakini mtikisiko wanauhisi. Alikata pembetatu za karatasi 303 aone wanazivutaje shimoni. Asilimia 62 zilivutwa kwa ncha, upande ulio rahisi zaidi kuingia. Akakadiria kwamba sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa kila ekari hupita ndani ya miili yao kila mwaka na kutupwa juu. Miezi michache baadaye, Aprili 1882, alifariki.

Hapo ndipo vitabu vingi huishia, lakini kuna pigo moja lililochelewa. Mwaka 1997, Anna Marie Aguinaldo na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa jeni za makundi mengi ya wanyama. Minyoo mviringo, pamoja na yule wa tumboni, waliangukia kundi moja na wadudu, kaa na buibui, kundi la wanaojivua ngozi. Nyungunyungu alibaki upande wa pili na konokono, chaza na pweza. Kwa hiyo mnyoo wa tumboni ni jamaa wa mende kuliko alivyo jamaa wa nyungunyungu. Wale wawili waliolazwa kitanda kimoja mwaka 1758 hata ukoo hawachangii.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu mimi nimeyaandika haya yote kwa lugha ambayo haikuwa na tatizo hilo. Kiswahili kina nyungunyungu, mnyoo, tegu, ruba, funza, kiwavi na buu, kila mmoja na jina lake. Hakuna mvuvi wa Kiswahili aliyewahi kusema anakwenda kuchimba minyoo ya chambo. Tusijisifu sana, maana jaa na sisi tunalo, na linaitwa "mdudu". Mdudu ni sisimizi, mdudu ni nge, mdudu ni bakteria, na kwa miaka mingi mdudu alikuwa hata virusi vya UKIMWI. Lakini kwa nyungunyungu tulikuwa salama.

Nasema tulikuwa. Siku hizi vipeperushi vya kilimo vinavyotafsiriwa haraka kutoka Kiingereza naviona vinaandika "minyoo ya ardhini" na "mbolea ya minyoo". Niliwahi kufuatilia habari ya mafunzo ya mbolea hiyo kwenye kijiji kimoja cha Mvomero, Morogoro. Kijana anayefundisha alieleza nusu saa nzima faida za kufuga minyoo. Mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono.

"Mwanangu, sasa hiyo mchicha tukiwalisha wajukuu si tutawapa minyoo?"

"Hapana mama, hii ni minyoo mizuri."

Watu wakacheka. Mzee aliyekaa nyuma akauliza ni mnyoo gani mzuri. Kijana akachimbua kwenye beseni, akamwinua mmoja juu.

"Aa, nyungunyungu!" mama akasema. "Si ungesema toka mwanzo, baba."

Na swali lake lilikuwa la maana. Mayai ya mnyoo wa tumboni kweli husafiri kwa mboga, pale bustani inapomwagiliwa maji machafu au kuwekewa kinyesi cha binadamu. Kwa kutumia neno moja, kijana wa watu alikuwa amezichanganya mbolea mbili ambazo mama alihitaji kuzitofautisha.

Neno nyungunyungu lenyewe lina maana ya pili kwenye kamusi: vidonda na michubuko ya miguuni, katikati ya vidole. Watu walihusisha vidonda hivyo na kumkanyaga yule kiumbe, hasa msimu wa mvua. Vidonda vya namna hiyo vina sababu nyingi, ukungu wa ngozi ukiwemo. Lakini kuna sababu moja inayonisimamisha. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Arthur Looss alikuwa Misri akichunguza minyoo wa safura, na kwa bahati mbaya akajimwagia mkononi maji yenye watoto wa minyoo hao. Ngozi ikawasha, ikawa nyekundu. Baadaye akapima choo chake mwenyewe, akakuta mayai. Mwaka 1898 alitangaza kwamba mnyoo wa safura haingii kwa mdomo peke yake. Anapenya ngozi. Anakaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, palepale anapopatikana nyungunyungu, anaingia kwa mguu mtupu, mara nyingi katikati ya vidole, na mahali anapoingia panawasha na kufanya vipele. Kisha anafuata damu hadi mapafuni, anapanda kooni, anamezwa, anafika utumbo mdogo na kuanza kunyonya. Mtoto anapauka, anachoka, darasani hasomi.

Mtoto huyo ni mdogo mno kuonekana kwa macho. Mtu aliyepita peku kwenye tope, kesho yake miguu ikamuwasha, akirudi kutazama pale alipokanyaga ataona kiumbe mmoja tu.